Kipande cha Tatu cha Kitabu cha Vita

Wifi yangu anapiga mashuka pasi kama mama anayemvisha mtoto sare asubuhi ya shule: haraka, bila huruma, na shuka likitoka mkononi mwake limenyooka mpaka wewe mwenye gauni la makunyanzi unatafuta mlango wa kujificha. Ndiyo kazi yake. Hospitali ina chumba cha kufulia nyuma ya jiko, na mle ndani kuna mvuke wa kukukata pumzi, meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, na wanawake wanaozungumza kwa kupiga kelele kwa sababu mashine haziwaachi wasikilizane. Wifi anachovya vidole kwenye kopo, ananyunyiza maji, anaijaribu pasi kwa ncha ya kidole kilicholowa, tsss, kisha anaishusha. Ningekuwa mimi, kidole kingebaki kwenye pasi.

Ni mdogo wa mume wangu, kitinda mimba kwao. Nilipoolewa nilimkuta kidato cha pili, miguu mirefu na maswali mengi. Mwaka huohuo mama yao akapooza upande mmoja. Kikao kikakaa, wanaume tupu na mimi mgeni wa nyumba, na kikao kikaona kwamba anayeweza kumgeuza mama kitandani ni binti. Binti mwenyewe hakuulizwa. Akamgeuza, akamwosha, akamlisha, miaka ikapita, akamzika. Baadaye akaolewa, akaachika, akarudi na mtoto wa kike mgongoni. Hayo yote ameyapiga pasi akayakunja akayaweka kabatini, hutamsikia akiyafunua.

Kitu kimoja tu hakukikunja. Anataka kuwa msaidizi wa wauguzi, yule anayekaa wodini na mgonjwa. "Wagonjwa wangu siwajui, wifi," aliniambia siku moja. "Najua madoa yao. Nani ametoka jasho usiku kucha, nani anavuja damu, nani kamwagiwa uji na mtu asiye na subira. Sura zao sizijui."

Chuo kinataka cheti cha kidato cha nne, na hakichukui mtu aliyetimiza arobaini. Wifi alikuwa anaikaribia arobaini kwa mbio. Akajiandikisha darasa la watu wazima, jioni baada ya kazi, katika shule ya msingi ya mtaa wa pili, wanakokaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Sharti la mwalimu lilikuwa moja: kabla ya mtihani wa taifa kuna mtihani wa majaribio, na atakayeanguka hata somo moja haandikishwi. Kwa wengine hiyo ilikuwa na maana ya mwaka ujao. Kwa wifi ilikuwa mwaka huu au basi.

Hesabu hazikumtisha. Kilichomtisha ni Fasihi, na ndani ya Fasihi kulikuwa na riwaya ya vita vya zamani, nene kama tofali. Kuna ngome juu ya kilima, kuna jeshi limeizingira kiangazi kizima, kuna askari wanaokufa njaa ndani ya kuta, na kuna jasusi humohumo ndani ambaye maadui wanamwita Shomoro. Mwalimu alisema mashairi na tamthilia atawafundisha mwenyewe. Riwaya wajisomee, wataijadili wakishamaliza majaribio.

Wajisomee nini, na madukani haipo? Wifi aliipata moja tu, kwa muuza vitabu vya mitumba, chini ya rundo la majarida ya mapishi. Akaenda na wenzake wa darasani wakinakili; mwenye mashine ya kopi naye akakataa. Alifungua ukurasa wa mbele akawaonyesha palipoandikwa marufuku kunakili.

"Sasa hata kitabu kina mlinzi wa geti," wifi akasema.

Ndivyo walivyoishia kwangu. Mimi ni mshonaji, wanaonipenda wananiita Mama Sindano, na wasionipenda wananiita hivyohivyo kwa sauti nyingine. Nina chumba chenye dirisha kubwa na meza ya kukatia vitambaa. Walikuja wanne. Alikuja wifi. Akaja Fundi Bomba, mtengeneza mabomba ya maji, mtu ambaye ukimuuliza saa anakueleza saa inavyotengenezwa. Akaja mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mpana, mpole wa sauti, anayeitwa Sajenti kwa sababu ya anavyowapanga watoto foleni kwa mwiko. Na akaja Kinyozi mwenye duka lililoko mkabala na langu, kijana mtanashati anayeamini kwamba kila mtu mtaani anamtazama yeye.

"Mama Sindano," Fundi Bomba akaanza, "tunataka kitabu kimoja kiwe vinne."

"Nendeni kwa mganga."

"Tunataka ukikate, dada."

Nilimtazama wifi, maana kitabu chake. Akatikisa kichwa kukubali, lakini alikuwa amekishika kifuani kama mtu anayepeleka kuku sokoni naye amemlea mwenyewe.

Basi nikakifumua mgongo kama ninavyofumua kiuno cha suruali ya mtu aliyenenepa, uzi kwa uzi, kila kipande nikakishonea jalada la kitambaa kigumu kilichobaki kwenye makochi ya mtu. Fundi Bomba akachukua mwanzo, akidai mwanzo ndio msingi. Sajenti akachukua cha pili. Kinyozi akadaka mwisho kwa sababu alitaka kujua nani anakufa. Wifi, mwenye mali, akabakiwa na cha tatu. Wakapatana: kila mmoja akisome kipande chake mpaka akimeze, halafu kila Jumamosi mchana mmoja awasimulie wenzake kwangu, nao waandike. Muda wa kubadilishana vipande haukuwepo. Watu wana kazi.

Sikuwa mwanafunzi. Mimi niliishia darasa la saba na sijawahi kulilia la nane. Lakini tangu Jumamosi ya kwanza nilijikuta naiacha cherehani kando kwa sababu ya kelele zake, nachukua kazi za mkono: pindo, vifungo, bitana. Fundi Bomba alilileta jeshi, akalipigisha mahema, akapanga mizinga, halafu akatumbukia kwenye kisima cha ngome asitoke.

"Kinakwenda chini kiasi gani hicho kisima?" nikamuuliza.

"Kitabu hakisemi, ila kwa kilima kama kile, na mwamba wa namna ile..."

"Toka kisimani, baba," Sajenti akamwambia taratibu. "Vita vinatungoja."

Jumamosi ya pili Sajenti akatuingiza ndani ya kuta. Alisimulia njaa kwa ile sauti yake ya upole mpaka nikajichoma sindano. Askari wanachemsha mikanda ya ngozi. Watoto wanalamba chokaa ya ukutani. Na mpishi wa ngome, mtu wa haki, anagawa unga kwa kikombe kimoja, sawa kwa jemadari na sawa kwa mchunga farasi. Wakati huohuo kila ukuta unapodhoofika, maadui wanajua na mizinga inaelekea palepale. Nani anawaambia? Jemadari kawapekua watu, kawachinja njiwa wote, kapiga marufuku taa. Habari zinatoka tu.

Hapo kipande cha Sajenti kikaisha.

"Haki ya nani!" nikasema. Nilikuwa nimeshona kifungo cha shati kwenye sketi.

Wiki ile wateja wangu wote walipimwa viuno huku wakiulizwa wanadhani jasusi ni nani. Mimi nilimshuku msaidizi wa jemadari, kwa sababu alikuwa na adabu kupita kiasi. Mume wangu alimshuku mpishi, nikamwambia hajui kitu, mpishi yule ni mtu wa haki.

Jumamosi ya wifi ikafika. Alisimama, hakuketi kama wenzake. Wifi ninayemjua akikusimulia mtu kaanguka barabarani anakuanzia alivyoamka asubuhi. Siku ile alikwenda kama anayefukuzwa na mvua. Kuta zikabomoka, askari wakajaribu kutoroka, jemadari akatega mtego, jasusi akanaswa.

"Nani?" tukasema wote.

"Kinyozi wa ngome."

Fundi Bomba alipiga meza, mkasi wangu ukaruka. "Nilijua! Nilijua! Watu wa wembe! Mtu anakukuna kichwa huku anakuchota siri!"

Kinyozi wetu akasimama, uso umemvimba. "Kinyozi yupi?"

"Wa ngome," wifi akamjibu, macho kwenye dirisha.

"Alizitoaje habari?"

"Alizitoa tu."

"Kwa njia gani?"

"Kwa njia zake. Andika, muda unakwisha."

Wakaandika. Mimi nikabaki na sindano hewani. Yule kinyozi alivaa nini? Alikuwa na mke? Aliwapa nini maadui, naye wakampa nini? Nilimuuliza wifi walipoondoka akaniambia hajui, halimo, kwa nini nauliza sana. Mwanamke aliyenisimulia harusi ya jirani mpaka rangi ya soksi za bwana harusi!

Kama kuna kitu kinanikosesha raha duniani ni nguo iliyoshonwa upande mmoja. Siku mbili zilizofuata nilikuwa nayo kichwani hadithi hiyo, mkono mmoja upo, mwingine hakuna. Siku ya tatu wifi alipita kwangu kutoka kazini, akaacha mfuko wake juu ya meza, akaenda kumchukua mtoto wake kwa jirani. Jalada la kipande cha tatu lilikuwa limechungulia nje, na uzi wake mmoja umekatika. Nilikitoa nikirekebishe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mimi husoma kwa kidole, neno halipiti bila kuguswa. Akaja mteja kuchukua suruali yake, nikamwambia haijakwisha, nayo ilikuwa inaning'inia nyuma ya kichwa changu. Nikasoma. Kinyozi wa ngome hayumo. Yumo dobi.

Yumo mwanamke anayefua nguo za askari, aliyeletwa ngomeni mateka siku askari haohao walipochoma kijiji chake ng'ambo ya mto. Kaka zake wamo katika jeshi lililoizingira ngome. Kila asubuhi anapanda ukutani na beseni lake, anaanika. Mashati meupe mawili na kitambaa chekundu katikati: ukuta wa mashariki umepasuka. Shuka moja peke yake: maji yanakaribia kwisha. Jemadari anachinja njiwa, anazima taa, na kila siku anapita chini ya kamba ya nguo akimwambia dobi shati lake lipigwe pasi vizuri kolani.

Wifi alipoingia alinikuta nimekishika. Akamtuma mtoto nje akacheze.

"Umefungua mfuko wangu," akasema.

"Uzi ulikatika."

"Umefungua mfuko wangu, wewe! Pale hospitali mashuka yanaibwa, kila jioni mlinzi anatupekua sisi wapiga pasi. Sisi tu! Daktari anapita na begi la kuingia mbuzi, anapigiwa saluti. Nafunguliwa mfuko mbele ya watu wanaokuja kuona wagonjwa. Nikitoka hapo nakuja kwako nipumue, na wewe unanifungulia mfuko."

  Nikamvutia kiti.

"Nimekosa, wifi. Lakini nieleze. Dobi alikukosea nini?"

"Hajanikosea kitu!" Akakaa. "Mimi nilimjua tangu anatokea. Alianika upande wa kivuli. Dobi gani anaanika kivulini na jua lipo? Nikasema, huyu ana lake. Nikamfuata ukurasa kwa ukurasa kama ndugu yangu anayetembea ukingoni mwa shimo. Halafu nisimame mbele ya Fundi Bomba niseme, ndiyo bwana, jasusi ni dobi? Angenitafuna mpaka siku ya mtihani. Dobi mwizi, dobi jasusi. Mdomo wenyewe ukasema kinyozi."

"Kwa nini kinyozi?"

"Alikuwa amekaa mbele yangu, amejipaka mafuta, amependeza. Sijui, wifi."

Nilicheka, naye akacheka kidogo.

"Nikiwaambia sasa watanifukuza," akasema. "Mwisho wa kitabu bado sijaupata, ni Jumamosi hii. Wakininyima, sina mtihani. Sina mtihani, sina chuo. Miaka yangu unaijua."

"Na usipowaambia? Waandike kinyozi, waanguke wote watatu?"

 Aliinua mfuko, akamwita mtoto, akaenda. Jalada nilikuwa sijalirekebisha bado.

Jumamosi ilipofika Kinyozi aliingia na karatasi. Wiki nzima alikuwa hajalala vizuri, akasema, na wateja wake wakaniambia baadaye kwamba walinyolewa huku wakihutubiwa.

"Kabla sijasimulia mwisho," akatangaza, "nina hoja ya kumtetea kinyozi."

"Mkuki kwa nguruwe," Fundi Bomba akamchokoza.

"Nyamaza, bomba. Nisikilizeni. Jemadari ananyolewa kila siku, sivyo? Kila siku anakaa, anafunga macho, anainua kidevu. Wembe upo hapa." Akajigusa koo. "Sasa mimi kinyozi, adui wa jemadari, nina shida gani ya kupeleka habari nje? Nihangaike na majasusi, na alama, na kungoja? Asubuhi moja tu, krr, vita vimekwisha, naenda kunywa chai!"

 Hata Fundi Bomba alishindwa, maana hoja ilikuwa na meno. Kinyozi akaendelea, sauti imemshuka sasa: "Na mwisho wenyewe hausemi ni kinyozi. Nimeusoma mara nyingi. Siku ya kubadilishana mateka, Shomoro anatolewa langoni kafunikwa gunia kichwani. Askari wanasimama safu mbili, kimya. Mmoja anavua kofia. Sasa mimi nauliza, anavuliwa kofia kwa sababu gani? Dada, wewe ndiye uliyekisoma cha tatu. Huyu mtu ni nani hasa?"

Alikuwa anamtazama wifi bila hila yoyote, kama mtoto anayeuliza mwezi unakwenda wapi. Nafikiri ndicho kilichommaliza. Angemdhihaki, wifi angemjibu kwa dhihaka na siku ingepita.

"Kaa chini, mdogo wangu," wifi akamwambia. "Si kinyozi. Ni dobi."

"Dobi?"

"Ni dobi. Niliwadanganya."

Akafungua kipande chake akawasomea mwenyewe, mashati meupe na kitambaa chekundu, mto, kijiji kilichochomwa. Alisoma bila kukimbia.  Kisha akafunga jalada, akakiweka kipande katikati ya meza, akasimama.

"Kitabu nawaachia. Someni vizuri, mpite."

"Hiyo ndiyo haki," Fundi Bomba akasema. "Kikosi hakilali na jasusi ndani."

"Kitabu ni chake, wewe!" nikamrukia. "Unamfukuza mtu kwenye nyumba yake halafu unaomba shuka?"

"Mama Sindano, wewe si mwanafunzi."

"Na wewe si mwenye nyumba. Meza hii yangu."

Sajenti alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ncha ya kitambaa. "Basi na mimi niseme," akasema kwa ile sauti ndogo. "Yule mpishi hakugawa unga sawa."

Tukamgeukia.

"Alikuwa akiuficha chini ya kuni, akiwauzia wenye pete. Watoto waliolamba chokaa, ni kwa sababu yake. Mimi nimepika kwa watoto tangu ujana wangu. Niliposoma pale nilikifunga kitabu, nikakaa. Nikasema hapana, huyu sitampeleka mbele za watu."

"Sajenti!" Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilikuwa nimegombana na mume wangu kwa ajili ya yule mpishi.

"Mnaona sasa?" Fundi Bomba akanyanyuka. "Mnaona? Mimi peke yangu ndiye sikubadilisha hata nukta!"

"Ulituacha kisimani," Kinyozi akamwambia. "Baada ya kisima kulikuwa na nini?"

"Baada ya kisima... kulikuwa na mapigano."

"Mapigano gani?"

"Ya kawaida."

"Lete kipande."

Alikivuta upande wake, Kinyozi akakivuta upande wa pili, nami nikaomba Mungu mshono wangu ushike. Ulishika. Kurasa za mwisho za kipande cha kwanza zilikuwa bado zimegandana kama zilivyotoka kiwandani.

"Nilikuwa na kazi nyingi," Fundi Bomba akasema, akakaa.

Kinyozi alicheka mpaka akajifuta macho. Wifi bado alikuwa amesimama karibu na mlango, mfuko begani, hajui kama acheke au aende. Kinyozi akalisogeza kiti kwa mguu.

"Wewe unakwenda wapi? Wiki nzima umenitoa roho, unadhani nakuachia kirahisi? Kaa. Nataka kujua kwa nini alianika upande wa kivuli. Pale kitabu kinapita haraka, mimi sikuelewa."

"Kwa sababu maadui walikuwa upande huo."

"Na jemadari hakuona ajabu?"

"Jemadari wako amewahi kuanika?"

Wifi akakaa. Kuanzia hapo walisahau chai niliyowapikia. Vipande vilizungushwa mezani kama sahani, kila mtu akasoma cha mwenzake, wakakubaliana kukutana kila siku baada ya kazi mpaka siku ya majaribio. Na kila siku waligombana juu ya jambo hilohilo: dobi ni msaliti au si msaliti? Kinyozi alisema ni msaliti, chakula cha ngome alikula. Sajenti akasema alikula makapi. Wifi akauliza msaliti maana yake nini, mtu anawezaje kuwasaliti waliomchomea nyumba? Kinyozi akasema na wale watoto wa ngome, waliolamba chokaa, walimchomea nini? Hapo wifi akaandika kitu. Fundi Bomba akasema kila kitu kingezuilika kama wangekuwa na kisima cha pili.

Siku ya majaribio wifi aliomba ruhusa kazini, akavaa blauzi aliyoipiga pasi mwenyewe mpaka ikasimama. Sikumuuliza kitu aliporudi, na wanaonijua watakuambia hilo lilinigharimu. Alikwenda kazini, akarudi, siku zikapita hivyo, akitajwa mwalimu anatoka nje.

Majibu yalibandikwa mlangoni pa darasa siku ya Ijumaa. Nilifunga duka nikaenda naye. Kinyozi alikuwa ametutangulia, na jinsi alivyokuwa anajitazama kwenye kioo cha dirisha nikajua yeye kapita. Wifi alisimama mbele ya karatasi, akaweka kidole, akateremsha, kama ninavyosoma mimi. Kidole kikasimama. Hakupiga kelele. Aligeuka akaniegemea kwa uzito wake wote, na mimi mwanamke mdogo, nusura twende chini wote wawili.

Amepita masomo yote. Fasihi kwa alama za kutosha, si za kujivunia. Sajenti naye kapita. Fundi Bomba kaanguka, na anasema swali halikuwa wazi.

Swali lenyewe nililijua siku hiyo: Je, Shomoro ni msaliti? Thibitisha. Kinyozi aliandika ndiyo, ni msaliti. Wifi aliandika hapana. Wote wawili wakapewa alama, tena zinakaribiana. Jambo hilo lilinikaa kooni. Nikamngoja mwalimu, msichana mdogo mwenye chaki kwenye nywele, nikamshika mkono.

"Mwalimu mwanangu, nielimishe. Huyu kasema ndiyo, huyu kasema siyo, wote wamepata. Kwangu mimi suruali inamtosha mtu au haimtoshi."

Akacheka. "Mama, sikuwaambia wamhukumu. Niliwaambia wanionyeshe kitabuni."

"Na wewe unaonaje? Msaliti, si msaliti?"

"Mimi? Kila mwaka nikikisoma nabadilika."

Jibu gani hilo! Nikamwachia mkono. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalivunja na kulirudisha. Wifi alitembea kando yangu, amekishika kikaratasi cha kumruhusu kujiandikisha, anakikunja mara mbili, anakikunjua, anakinyoosha kwa kiganja.

"Wifi," nikasema, "hebu niambie. Siku ile ya mwisho, kama dobi angeamka asubuhi asianike kitu. Kamba tupu. Ingekuwaje?"

"Hilo halimo kitabuni."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Alisimama katikati ya njia. Mtu mwenye toroli akatupigia mluzi tumpishe, hatukumpisha.

"Kamba tupu," akasema polepole, "nayo ni habari. Wangedhani amekufa." Akafikiri. "Kaka zake wangeushambulia ukuta siku hiyohiyo, wifi. Bila kungoja."

"Na hapo?"

"Ngoja, basi. Ngoja nifikiri."

Mwenye toroli akatutukana, akapita pembeni. Nikangoja.